Kupima maikroRNA kwa nanoteknolojia ya DNA na mwanga wa floresensi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili, wataalamu wa maabara na madaktari wa Dar es Salaam ambao wamesikia habari za kipimo hiki na wanataka kujua kinafanyaje kazi kabla hawajatumia fedha za mradi kuagiza vitendanishi. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

MaikroRNA ni nini, na kwa nini ipimwe?

MaikroRNA ni kipande kifupi cha RNA, chenye nukleotidi (herufi za kemikali, ziitwazo pia besi) zipatazo 22, ambacho hakibebi maelekezo ya kutengeneza protini bali hudhibiti maelekezo yanayobebwa na RNA nyingine. Seli hukikata kutoka kwenye RNA ndefu zaidi kwa kutumia vimeng'enya viwili, Drosha ndani ya kiini na Dicer nje yake, kisha hukipachika ndani ya protini ya jamii ya Agonauti. Kikiwa humo hutafuta RNA-jumbe inayowiana nacho na kuizuia isisomwe, au huifanya iharibiwe mapema.

Ya kwanza kujulikana, lin-4, ilitangazwa mwaka 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliokuwa wakichunguza mnyoo mdogo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja hivi. Kwa miaka kadhaa wengi waliiona kuwa ni ajabu ya mnyoo tu, hadi mwaka 2000 ilipopatikana let-7, ambayo ipo pia kwa binadamu na kwa wanyama wengi. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba mwaka 2024.

Sababu ya kuipima ni kwamba kiasi cha baadhi ya maikroRNA hubadilika mtu anapougua, na kwamba huonekana hata katika damu, mkojo na mate. Kwa mfano, miR-122 (miR ni kifupi cha maikroRNA, na namba ni ya kuitambulisha) hupatikana kwa wingi kwenye ini, hivyo ini likijeruhiwa huongezeka katika damu. miR-21 huongezeka katika saratani nyingi; ila huongezeka pia katika uvimbe usio wa saratani, unaoletwa na jeraha au maambukizi, na katika maradhi ya moyo, kwa hiyo anayekuambia kwamba miR-21 peke yake inatosha kutambua saratani fulani anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mbona isipimwe kwa PCR, kama tunavyopima VVU?

Inapimwa, na mpaka sasa PCR ya wakati halisi, yaani njia ya kuzidisha nakala za DNA huku mashine ikizihesabu, ndiyo inayoaminiwa zaidi. Tatizo ni urefu. PCR ya kawaida huhitaji vianzio viwili, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, kila kimoja kikiwa na besi zipatazo 20, navyo vinapaswa kukaa kwenye ncha mbili za kipande kinachopimwa. MaikroRNA nzima ina urefu wa kianzio kimoja, kwa hiyo hakuna pa kuweka cha pili. Mwaka 2005 ilibuniwa njia ya kuirefusha kwanza kwa kianzio kilichojikunja, nayo ndiyo inayotumika hadi leo, lakini inaongeza hatua, inaongeza vimeng'enya vinavyodai ubaridi wakati wote, na kila hatua inayoongezwa ni mlango mwingine wa makosa. Mbinu ya DNA inayojadiliwa hapa huitambua maikroRNA yenyewe bila kuinakili, na mara nyingi bila kimeng'enya chochote.

Nanoteknolojia ya DNA ni nini? Je, inagusa jeni za mgonjwa?

Haigusi jeni za mtu yeyote. DNA inatumika hapa kama fundi anavyotumia mbao au msusi anavyotumia ukili, yaani ni malighafi tu. Nyuzi zake hutengenezwa kiwandani kwa kemia, besi moja baada ya nyingine, kufuatana na mpangilio ulioandikwa na mnunuzi.

Aliyeanzisha fani hii ni Nadrian Seeman, mtaalamu wa fuwele wa Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligundua kwamba nyuzi za DNA zinaweza kupangwa zikutane katika makutano yasiyoteleza, na kwa hiyo zikasukwa kuwa maumbo. Msingi ni ule ule wa Watson na Crick wa mwaka 1953: A hushikana na T, G hushikana na C. Kwa sababu kanuni hiyo haibadiliki, anayeandika mpangilio anajua mapema uzi upi utashikana na upi, na kwa nguvu kiasi gani. Vipimo vyake navyo vinajulikana: uzi maradufu una kipenyo cha nanometa 2, na kila jozi ya besi huchukua nanometa 0.34. Uzi maradufu wa DNA wenye jozi 22, sawa na idadi ya besi za maikroRNA, una urefu wa nanometa saba na nusu hivi.

Mwaka 2006 Paul Rothemund alionyesha kwamba uzi mrefu wa kirusi M13, wenye besi zaidi ya 7,000, unaweza kukunjwa kuwa nyota au uso unaotabasamu kwa msaada wa nyuzi fupi zipatazo 200. Kazi hiyo ilileta sifa kubwa, lakini kwa msomaji wa ukurasa huu lililo muhimu zaidi ni jaribio la mwaka 2000 la Bernard Yurke na wenzake, ambao walitengeneza koleo la DNA linalofunguka na kufumba. Humo ndimo ilimozaliwa mbinu ya uzi kumpokonya mwenzake nafasi, nayo ndiyo moyo wa kipimo chetu.

Floresensi ni mwanga wa namna gani?

Njia rahisi ya kuiona ni hii. Nunua chupa ya maji ya toniki, mimina kwenye glasi, kisha omba kwa mwenye duka taa ile ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Ukizima taa za chumba na kumulika glasi, maji yale yasiyo na rangi yatang'aa buluu. Kinachong'aa ni kwinini, dawa ile ile iliyokuwa ikinywewa kwa malaria, na ni kwa kuchunguza vitu kama hicho ndipo George Gabriel Stokes alipolipa jambo hili jina lake mwaka 1852.

Molekuli yenye tabia hiyo huitwa fluorofori. Hupokea mwanga wenye nguvu zaidi, hukaa nao kwa muda wa nanosekunde chache, kisha huutoa ukiwa na nguvu pungufu, yaani ukiwa na rangi iliyosogea upande wa nyekundu. FAM, inayotumika sana maabara, humulikwa kwa mwanga wa nanometa 495 hivi na hujibu kwa kijani cha nanometa 520 hivi. Kwa kuwa mwanga unaoingia na unaotoka hautofautiani tu kwa nguvu bali hata kwa rangi, mashine huweza kuuzuia ule wa kwanza kwa chujio na kuhesabu ule wa pili peke yake.

Fluorofori inaweza pia kunyamazishwa. Ikiwekwa karibu sana na molekuli iitwayo kizimamwanga, nishati yake huhamia huko kabla haijatoka kama mwanga. Uhamisho huo, uliofafanuliwa na Theodor Förster katika miaka ya 1940, hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali: kwenye umbali ambao nusu ya nishati huhamishwa, ambao kwa kawaida ni nanometa chache, ukizidisha mara mbili tu kinachohamishwa hubaki kama asilimia moja na nusu. Ndiyo maana kutengana kwa nyuzi mbili za DNA, jambo lisiloweza kuonekana kwa hadubini ya kawaida, hugeuka kuwa tofauti ya giza na mwanga.

Nionyesheni kipimo kimoja, hatua kwa hatua.

Tuchukue miR-21, ambayo mpangilio wake ni UAGCUUAUCAGACUGAUGUUGA (katika RNA, U hushika nafasi ya T). Tunaagiza uzi wa kwanza wa DNA unaowiana nayo kikamilifu, TCAACATCAGTCTGATAAGCTA. Huu tuuite mtego. Kisha tunaagiza uzi wa pili mfupi zaidi, wa besi 15, TAGCTTATCAGACTG. Huu tuuite mlinzi. Mlinzi amewekewa FAM kwenye ncha yake ya mwanzo, na mtego umewekewa kizimamwanga kwenye ncha yake ya mwisho.

Vikichanganywa, mlinzi hushikana na mtego, ncha hizo mbili hukutana uso kwa uso, na mwanga huzimika. Besi saba za mwanzo za mtego, yaani TCAACAT, hubaki wazi bila mwenzi. Hizo ndizo kishikio.

Sasa ingiza miR-21. Besi zake saba za mwisho, AUGUUGA, hushika kwanza hapo kwenye kishikio, mfano wa abiria aliyepata mguu mmoja kwenye ngazi ya daladala iliyojaa: akishapata pa kukanyaga, atajipenyeza kidogo kidogo mpaka aliyekuwa mlangoni asogee. Besi moja inashinda, inashindwa, inashinda tena, mpaka mlinzi anaachia kabisa na kuelea zake akiwa na FAM yake, mbali na kizimamwanga. Mwanga unawaka. Bila kishikio, kupokonyana huko kungechukua muda mrefu sana. Kila besi inayoongezwa kwenye kishikio huongeza kasi takriban mara kumi, mpaka inapofika besi sita au saba, ambapo kasi haiongezeki tena kwa kiasi cha maana. Tofauti kati ya kutokuwa na kishikio na kuwa na kishikio kirefu ni kama mara milioni moja.

Katika kuandaa, weka mtego uzidi mlinzi kidogo, tuseme kwa sehemu mbili kwa kumi. Mlinzi asiyepata mtego ni taa inayowaka bure, ilhali mtego usio na mlinzi haung'ai. Tahadhari ni kwamba usizidishe mno, kwa sababu mtego mtupu nao utakamata miR-21 bila kutoa mwanga wowote.

Je, kibanio chenye mwanga ni kitu hicho hicho?

Ni ndugu yake mkubwa. Sanjay Tyagi na Fred Kramer walikitangaza mwaka 1996: uzi mmoja uliojikunja kama kibanio cha nywele, shina lake likiwa na jozi tano hadi saba, na fluorofori na kizimamwanga vikiwa kwenye ncha zake mbili. Kinachotafutwa kikishikana na kitanzi, shina hufunguka na mwanga huwaka. Ni rahisi kuagiza na rahisi kueleza darasani, na mimi humshauri kila anayeanza aanze nacho.

Katika damu maikroRNA ni chache mno. Mwanga utaonekanaje?

Hapa ndipo penye kazi. Mbinu mbili zilizoelezwa juu hutoa taa moja kwa kila maikroRNA moja, na mashine za kawaida huanza kuziona vizuri taa hizo zikifika kiwango cha nanomola (sehemu moja ya bilioni ya mola kwa lita). Katika plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, maikroRNA nyingi ziko katika kiwango cha pikomola au femtomola, kila kimoja kikiwa mara elfu chini ya kilichotangulia. Femtomola moja ni molekuli 600 hivi katika mikrolita moja. Tone dogo la pipeti lenye molekuli 600 za FAM halitofautiki na maji.

Suluhisho ni kuifanya maikroRNA moja iwashe taa nyingi. Njia ya kwanza, iliyotangazwa na maabara ya Niles Pierce mwaka 2008, hutumia vibanio viwili ambavyo vingependa kushikana lakini vimefungwa kila kimoja ndani yake. MaikroRNA hufungua cha kwanza. Cha kwanza kikiwa wazi hufungua cha pili. Cha pili, kinapokamilisha kushikana na cha kwanza, huisukuma maikroRNA nje. Ikiwa huru, huenda kufungua kibanio kingine, na kingine. Inafanya kazi ya kimeng'enya ingawa hakuna kimeng'enya ndani ya tyubu, na kwa saa moja hadi tatu molekuli moja huweza kuzaa jozi nyingi zenye mwanga.

Njia ya pili ni ya mwaka 2004, ya Robert Dirks na Pierce huyo huyo. Humo maikroRNA haiachiliwi, bali huanzisha mnyororo: kibanio cha kwanza hufungua cha pili, cha pili hufungua kingine cha aina ya kwanza, na kuendelea hivyo mpaka vibanio vinapokwisha. Njia hii inafaa zaidi pale unapotaka mwanga ubaki mahali pake, kwa mfano katika kipande cha tishu chini ya hadubini, kwa kuwa mnyororo hauelei kwenda mbali.

Tyubu isiyo na maikroRNA nayo inawaka. Tumekosea wapi?

Hili ndilo swali linalopaswa kuulizwa mapema kuliko yote, na kwa bahati mbaya huulizwa la mwisho. Tunaliita uvujaji. Vibanio viwili vilivyotengenezwa vishikane vitashikana hata bila kuamriwa, ila kwa polepole, na kikomo cha kipimo chako hakiamuliwi na ukali wa mwanga bali na kasi ya uvujaji huo. Mtu akikuonyesha picha ya tyubu inayong'aa, usimpongeze kabla hujaiona ile ya pembeni yake isiyo na kitu.

Tuliwahi, katika maabara moja hapa mjini, kupoteza siku kumi kwa jambo hili. Mstari wa tyubu tupu ulipanda kwenye skrini ukifuatana na ule wa tyubu yenye miR-21 mithili ya mtu na kivuli chake, na tukabadilisha bufa (maji ya chumvi ya kufanyia kipimo), tukabadilisha sahani, tukamlaumu fundi wa mashine. Kumbe vibanio vilikuwa vimeyeyushwa na kutumiwa vile vile vilivyotoka kwenye kifurushi, bila kupashwa. Uzi uliokaushwa na kuyeyushwa upya haujui kwamba unatakiwa kujikunja peke yake. Hushikana na jirani yake na kubaki nusu wazi. Dawa yake ni kupasha kila kibanio katika tyubu yake mwenyewe, kwa nyuzi joto 95 kwa dakika tano, kisha kukipoza, na kuvichanganya viwili hivyo baadaye tu.

Chanzo cha pili ni ubora wa nyuzi. Kiwandani kila besi inayoongezwa hufanikiwa kwa asilimia 99 hivi, jambo linalosikika zuri mpaka uzidishe: uzi wa besi 22 utakaotoka mzima ni kama asilimia 81, na wa besi 50 ni kama asilimia 61 tu. Zilizobaki ni fupi, na kibanio kilichopungukiwa besi mbili za shina hakifungi vizuri. Kwa hiyo vibanio vinunuliwe vikiwa vimesafishwa kwa kromatografia au kwa jeli, hata kama bei inapanda. Hapa si mahali pa kubana matumizi.

Chanzo cha tatu ni mpangilio wenyewe. Jozi mbili za G na C kwenye ncha ya shina husaidia kulifunga, na wengine huacha makusudi besi moja isiyowiana mahali fulani ili kuzuia kushikana kusikoalikwa. Programu za kukokotoa maumbo ya DNA zinapatikana bure katika intaneti, na saa mbili za kukaa nazo kabla ya kuagiza huokoa mwezi mzima wa kusubiri mzigo mwingine.

Kikomo cha kipimo hupatikana kwa kupima tyubu tupu mara nyingi, kuchukua wastani wake na kuongeza mara tatu ya mchepuko wake sanifu. Kilicho chini ya mstari huo hakihesabiki kuwa kimeonekana, hata kama kinapendeza machoni.

Inawezaje kutofautisha maikroRNA zinazofanana?

Jamaa ya let-7 ndiyo mtihani wake. let-7a na let-7c zina besi 22 kila moja na zinatofautiana kwenye besi moja tu, ya 19, ambapo ya kwanza ina A na ya pili ina G. Tena tofauti hiyo ni ya hila: mtego wa let-7a una T mahali hapo, na G huweza kushikana na T kwa ulegevu bila kukataliwa kabisa. Ukiiweka tofauti hiyo katikati ya shina, let-7c itapita kama mwenyeji. Ukiiweka ndani ya kishikio, pale ambapo kila besi ina thamani ya mara kumi ya kasi, itachelewa sana, na ukisoma mwanga katika dakika za mwanzo badala ya kusubiri mpaka kila kitu kitulie, utaziona zimeachana. Kila jaribio liwe na tyubu ya let-7c kando ya ile ya let-7a, kwa kiwango kile kile.

Damu ichukuliwe na kutunzwaje?

Tumia tyubu ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, na uiepuke ile ya heparini, kizuizi kingine cha kuganda, ambayo husumbua PCR utakayotaka kulinganisha nayo. Lakini kumbuka kwamba EDTA hunasa magnesiamu, na maumbo ya DNA husimama kwa magnesiamu. Bufa zetu huwa na milimola 10 hadi 12.5. Ukitia plazma moja kwa moja kwenye mchanganyiko, EDTA itakula sehemu ya magnesiamu hiyo na vibanio vitalegea. Ama ongeza magnesiamu kwa hesabu, ama toa RNA kwanza kwa seti ya vifaa vya kusafishia.

Kutoa RNA kuna faida nyingine. Ukitia RNA tupu kwenye plazma huharibiwa upesi sana, ilhali maikroRNA za mgonjwa hudumu kwa saa nyingi kwa sababu zimefichwa ndani ya protini za Agonauti au ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli. Maficho hayo hayo yanayozilinda yanazificha pia kwa mtego wako. Zisipofunguliwa, kipimo kitasema hazipo.

Jambo linaloharibu tafiti nyingi ni seli nyekundu kupasuka. Seli hizo zimejaa miR-451a na miR-16, na sindano nyembamba, mkono mzito au tyubu iliyotikiswa njiani kutoka kliniki hadi maabara hutosha kuzimwaga ndani ya plazma. Tenganisha plazma mapema, iangalie kwa macho dhidi ya karatasi nyeupe, na kama inaelekea rangi ya juisi ya rozela, itupe. Kwa uhakika zaidi pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanometa 414, ambako himoglobini hujitangaza yenyewe.

Joto la Dar es Salaam na kukatika kwa umeme vinaathiri?

Joto linaathiri zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kushikana kwa nyuzi ni suala la joto, na kibanio kilichopangwa kwa nyuzi joto 25 za maabara ya Ulaya hakitatulia kwenye meza iliyo karibu na dirisha mwezi Februari, kiyoyozi kikiwa kimezima. Panga mfumo wako kwa nyuzi joto 37 tangu mwanzo, na uuendeshe ndani ya mashine inayodhibiti joto. Mashine ya PCR ya wakati halisi inafaa sana kwa kazi hii: iamuru ikae kwenye 37 bila mizunguko, isome rangi ya FAM kila dakika, na hapo umepata kisomea mwanga bila kununua kingine.

Jasho ni adui mwingine, kwa kuwa ngozi imejaa vimeng'enya vinavyokata RNA. Badilisha glavu mara kwa mara, hasa ukishajifuta usoni.

Kuhusu umeme, hapa mbinu hii ina nafuu ya kweli. Nyuzi za DNA husafirishwa zikiwa kavu, bila barafu, na zikikaushwa hustahimili joto la kawaida kwa muda mrefu. Hazifi usiku mmoja kwa sababu jenereta haikuwaka, kama vimeng'enya vinavyoweza kufa. Zenye fluorofori zifungwe kwa karatasi ya aluminiamu, maana mwanga wa mchana huzichosha.

Rangi ipi ya fluorofori ni bora?

Kwa RNA iliyosafishwa, FAM inatosha na ni nafuu. Kwa plazma isiyosafishwa tumia nyekundu, kama Cy5, kwa sababu plazma yenyewe ina vitu vinavyong'aa katika buluu na kijani.

Je, ni lazima kutumia maumbo makubwa kama yale ya Rothemund?

Si lazima, na mara nyingi si busara. Umbo kubwa lina manufaa unapotaka kuweka mitego mingi kwa umbali uliopimwa. Piramidi ya pembe tatu inayosukwa kwa nyuzi nne tu, iliyotangazwa na kundi la Andrew Turberfield la Oxford mwaka 2005, hutumika zaidi: hukaa wima juu ya kioo au dhahabu, mtego ukiwa umeinuliwa kileleni ambako maikroRNA huufikia kwa urahisi, na huvumilia vimeng'enya vya kukata DNA kuliko uzi ulio wazi. Kwa sababu hiyo hiyo hupendwa na wanaotaka kuingiza mtego ndani ya seli hai, kazi ambayo ina matatizo yake na ambayo siipendekezi kwa mradi wa kwanza.

Inaweza kutambua malaria?

Si kwa maikroRNA ya kimelea, kwa kuwa Plasmodium falciparum hana maikroRNA zake. Hana Dicer wala Agonauti. Kinachoweza kupimwa ni mabadiliko ya maikroRNA za mgonjwa, na hayo hayatofautishi malaria na homa nyingine kwa uhakika unaokishinda kipimo cha haraka cha zahanati. Kichocho ni habari tofauti, kwa sababu minyoo yake inazo maikroRNA zake na baadhi zimeonekana katika damu ya wenye maambukizi. Kirusi cha Epstein-Barr nacho, kinachohusishwa na limfoma ya Burkitt, saratani inayowapata watoto wa ukanda wetu, kilikuwa kirusi cha kwanza kugunduliwa kuwa na maikroRNA, mwaka 2004. Kama ningechagua mada ya utafiti kwa mwanafunzi wa hapa, ningeanzia kwenye hizo mbili kabla ya kurudia kwa mara nyingine miR-21.

Naweza kwenda hospitali nikapimwa?

Hapana. Hiki ni kifaa cha utafiti, na majibu yake hayapaswi kutumiwa kuamua matibabu. Mwanamke anayetaka kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania, aende kwenye huduma zilizopo za uchunguzi, asisubiri DNA yenye mwanga.

Utafiti unahitaji kibali gani?

Kutumia damu ya binadamu kunahitaji kibali cha maadili, cha chuo chako na cha taifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Majaribio ya RNA ya kutengenezwa kiwandani, bila sampuli ya mtu, ni mepesi zaidi kuanza nayo wakati faili lako likisubiri kusomwa.

Kwa kuanzia, niagize nini?

Agiza mtego na mlinzi wa miR-21 kama ulivyoandikwa hapo juu, miR-21 ya kutengenezwa, na RNA nyingine moja isiyohusiana nayo. Siku ya kwanza usipime kitu chochote isipokuwa tyubu tupu: mtego na mlinzi peke yao, tyubu nane, kwa saa tatu. Siku ya pili weka ile RNA isiyohusiana. Siku ya tatu ndipo utie miR-21, kuanzia nanomola 50 ukishuka kwa nusu nusu, tyubu tatu kwa kila kiwango, na uandike kwenye daftari kiwango ambacho mstari wake umeingia ndani ya kivuli cha zile nane za siku ya kwanza.